Nguruwe wa Mang Eusebio

Alhamisi, 5 Februari
Dharau gani hii! Miaka sita nahariri video za harusi hapa mjini Lipa, Ufilipino, na leo Ate Glecy, mwenye studio, ananiambia nitapimwa. Harusi ya Jumamosi ikipendeza, mimi ndiye mhariri mkuu. Isipopendeza, kiti ni cha Isagani. Isagani! Miezi minane kazini! Anatia madoido kipande kimoja kimoja kama anachambua mchele. Mimi natia kwenye kimoja, nanakili, nachagua vyote, nabandika, naenda kunywa kahawa. Mwenye akili hapo nani?

Ijumaa, 6 Februari
Isagani kanishauri. Sikumwomba. Eti Kuya Rodel, vipande havifanani, vitazame vyote kabla ya kuonyesha. Ananiita Kuya, yaani kaka, kwa adabu, lakini wivu nauona.

Mchana kapiga Aling Perla, mama wa bibi harusi, ananong'ona. Nimpunguze kiuno kwenye video, mtu asijue. Nimemwahidi. Mama huyo ana mabinti wengine watatu hawajaolewa. Harusi tatu hizo!

Jumamosi, 7 Februari
Sitaki kuikumbuka siku hii. Naiandika ili ukweli ujulikane.

Misa asubuhi, karamu alasiri, na video lazima ionyeshwe kabla ya keki kukatwa. Ndivyo watu wanavyotaka. Nilihariri nyuma ya jukwaa, kando ya jiko, moshi machoni. Kiuno cha Aling Perla nikakibana asilimia thelathini. Safi kabisa! Zimebaki dakika ishirini, vipande mia mbili, na yeye kajichomeka kwenye arobaini. Nianze kumtafuta kipande kimoja kimoja? Mimi si Isagani. Nikachagua vyote. Nikabandika.

Aling Perla alitokea mwembamba kama msichana. Akafuta machozi ya furaha. Bwana harusi, mwembamba tangu kuzaliwa, alitokea kama mpini wa fagio. Watu wakacheka. Bado nilikuwa na matumaini. Ndipo akatokea nguruwe.

Nguruwe wa kuchoma alikuwa wa Mang Eusebio, baba wa bwana harusi. Alimlisha kwa mkono wake mwaka mzima, na tangu mchana alikuwa akizunguka meza zote akitaja uzito wake. Kwenye skrini nguruwe huyo alionekana kama paka mwenye njaa. Mang Eusebio akasimama, akachukua kipaza sauti.

"Nguruwe wangu ana kilo themanini," akasema polepole. "Aliyemkondesha ajitokeze."

Sikujitokeza. Nilikuwa chini ya meza, natafuta waya.

Jumapili, 8 Februari
Kiti kapewa Isagani. Kwa sababu ya nguruwe! Mama wa bibi harusi alilia kwa furaha, hilo halihesabiwi.

Mang Eusebio anataka video mpya, la sivyo ataitangaza aibu ya studio mpaka kanisani. Ate Glecy kanipa nafasi moja ya mwisho: nimrekebishe nguruwe, nguruwe peke yake, wengine niwaache walivyo, kisha Isagani akague kabla haijatoka. Nikiharibu tena, nikatafute kazi kwingine. Isagani anikague mimi! Nimekosa hata hamu ya wali.

Jumatatu, 9 Februari
Kazi imekwisha, na ni kazi ya bingwa. Nguruwe nimemtanua asilimia sitini. Ananing'inia nje ya sahani, Mang Eusebio atalia. Yuko kwenye vipande kumi na viwili, vimetawanyika huku na huku, nani ana muda? Nimechagua vyote mia mbili. Nimebandika.

Isagani kaja kuniuliza kama iko tayari kukaguliwa. Nimemjibu kwamba imeshakwenda. Nimewatumia wazazi wa pande zote mbili moja kwa moja, bila kupoteza muda kuitazama. Aling Perla kajibu papo hapo kwamba kawaita mashemeji na majirani wote, waione pamoja kwenye runinga kubwa.

Sasa Ate Glecy ataona nani mhariri mkuu.

Simu inaita. Ni Aling Perla. Video haijafika hata nusu, tayari anataka kunishukuru.