Mashini Haina Shemeji

Asubuhi moja, kati ya wimbo wa dini na matangazo ya vifo, redio iliwatangazia raia wa Butembo kwamba vurugu imekwisha. Si vita. Vita viliendelea kama kawaida. Iliyokwisha ni vurugu ya depo. Kwa amri ya Département ya Mpangilio, katika Harakati ya Wokovu inayotawala eneo lote lililokombolewa, depo ya Imprimerie Mathe ilikuwa imepewa programu ya kompyuta ya kuongoza mizigo. Kuanzia siku hiyo mzigo ungetoka pale kwa akili, wala si kwa kujuana.

Commissaire Phinées, mkuu wa Département hiyo, alisikiliza tangazo akiwa amesimama, maana aliona si adabu kusikia maneno mazito kama yale akiwa ameketi. Yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Kabla ya vita Phinées aliuza betri sokoni. Sasa alitaka kuwa Rais. Kila mtu katika Harakati alijua kwamba Mwenyekiti, aliyekaa Beni, amechoka. Phinées alilijua hilo kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilisambaza.

Programu yenyewe haikuwa yake. Mathe, mwenye imprimerie, alianza na mashine moja ya kuchapa matangazo ya kanisa. Siku hizi alichapa vitabu vya shule, vya nyimbo, kadi za ndoa, alama za magunia ya kahawa, akaviweka katika depo yake na kuvipeleka kwa wenyewe mpaka Kanyabayonga. Kazi ilikua mpaka makartoni yakaanza kupotea ndani ya nyumba. Ndipo akaleta kompyuta na programu yake, pamoja na fundi kutoka Kampala, ili ajue kitu gani kiko wapi. Jambo dogo. Lakini Phinées alilisikia, na jambo dogo likichukuliwa na serikali hukua.

"Programu ina njia mingi, Excellence," Falonne, msichana wa kuandika katika kompyuta, alimweleza. "Inaweza kutoa mizigo kwa kufata haraka ya mutu, ao njia ya camion, ao..."

"Ao nini? Ao ndugu ya nani?" Phinées alimkatiza. "Mimi nataka njia moja. Kilichoingia wa kwanza, kitoke wa kwanza. Zile zingine, fundi azifunge."

"Zote, Excellence?"

"Zote. Mashini haina shemeji."

Fundi akazifunga zote, akapokea bahasha yake, akarudi Kampala. Mlangoni wakawekwa askari wa walinzi wa Mwenyekiti, chini ya Caporal Kahongya. Waliambiwa kwamba mtu yeyote atakayetoa mzigo bila bon, yaani hati ya kutoka iliyochapwa na mashini, ni mporaji. Askari walishangaa kidogo kusikia kwamba uporaji umekatazwa, lakini walikubali kujifunza.

Shida ilikuwa moja tu, nayo Phinées hakuiita shida. Mzigo ulioingia wa kwanza ulikuwa kalenda za mwaka uliopita, zenye picha kubwa ya Mwenyekiti akicheka. Département ya Information ilikuwa imeziagiza, kisha ikazisahau. Mwaka ukaisha, kalenda zikabaki mpya kabisa. Na nyuma ya kalenda ukasimama mji mzima.

Mama Jokébed, mkuu wa shule ya msingi ya Vuhovi, alikuja kuchukua vitabu vyake vya kusomea.

"Bitabu ya batoto biko, Chef?"

"Biko, Mama Directrice. Falonne, umuonyeshe kwa ordinateur."

"Minabiona hata bila ordinateur. Njo ile pale, karibu na mulango. Nikinyoosha mukono, nashika."

"Usinyooshe mukono, Mama," alisema Phinées, na Caporal Kahongya akahamisha bunduki kutoka bega moja kwenda lingine. "Mbele yako kuko kalenda."

"Kalenda itatoka siku gani?"

"Siku mwenyewe atakuja kuichukua."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Ni Harakati."

"Na weye, Chef, uko nani?"

"Mimi niko Mpangilio. Kalenda ni ya Information. Mais Mama, weye mutu ya masomo, usichanganye babureau!"

"Donc munakaa mu nyumba moja, hamusalimiane?"

"Mashini haina shemeji, Mama."

"Njo maana haina batoto," alijibu Jokébed, akageuka kwenda zake. Kule Vuhovi watoto waliendelea kuandika kwa kidole katika vumbi, darasa baada ya darasa, na siku ya mvua hawakuandika.

Kila siku aliongezeka mtu mlangoni. Katekista alitaka vitabu vya nyimbo za Pasaka. Mzee mmoja wa Vulamba alitaka kadi za ndoa ya binti yake. Siku ya harusi ilisogezwa mbele mpaka bwana arusi akaanza kuulizwa kama anaumwa. Phinées aliandika ripoti kwenda Beni. Tangu programu ianze, alisema, hakuna hata kartoni moja iliyopotea. Ilikuwa kweli. Hakuna hata moja iliyotoka.

Wakati huo huo alikuwa na kazi nyingine, ya kimya zaidi. Katika miaka ile Harakati mpya zilizaliwa kama uyoga, na kila moja ilizaliwa kwa njia ile ile: mtu anaamka, anasoma tamko redioni, kisha anatuma barua zenye kichwa na muhuri kwa mabalozi. Asiye na barua yenye kichwa alikuwa na bunduki tu, na bunduki kila mtu alikuwa nazo. Phinées na rafiki zake watatu wa Beni walipatana: Jumamosi, saa sita ya mchana, Mwenyekiti atapumzishwa. Muhuri ulikuwa tayari. Zilibaki karatasi, na mashine ya kuchapa karatasi nzuri namna ile ilikuwa kwa Mathe peke yake.

Mathe alizichapa bila kuuliza, mapema, kabla ya nyimbo za katekista na kadi za ndoa. Phinées alipofika Jumamosi asubuhi, na camion yake ikinguruma nje, alikuta kartoni imeandikishwa katika kompyuta.

"Juu ya nini muliiingiza mu mashini?" alimnong'oneza Mathe.

"Ni amri yako, Excellence. Kila kilichochapwa kiingie."

"Basi itoke!"

Falonne alitazama kioo cha kompyuta. "Iko ya tatu, Excellence. Mbele kuko kalenda, na bitabu ya Vuhovi."

"Ruka ile mbili."

"Njia ya kuruka ulisema ifungwe."

"Ifungue!"

"Sijui kuifungua. Fundi iko Kampala."

Phinées aliutazama mlango. Caporal Kahongya alimpigia saluti. Kumwambia mlinzi wa Mwenyekiti avunje amri kwa ajili ya kartoni ile, siku ile, kusingekuwa busara. Phinées aliwaza upesi, kama kiongozi.

"Kalenda zitoke!" alisema kwa sauti. "Natia sahihi kwa jina ya Harakati."

"Kumbe inawezekana?" aliuliza Mathe.

"Inawezekana leo."

Bon ikatoka. Kalenda zikapakiwa. Phinées alitaka zimwagwe nyuma ya uwanja, camion irudi mbio, lakini Caporal Kahongya alikunja uso.

"Picha ya Mwenyekiti haitupwe, Chef. Hii inaenda kwa nani?"

Askari wote walimtazama.

"Kwa raia," alisema Phinées. "Kila nyumba!"

Askari walifurahi, maana tangu wafike Butembo walikuwa hawajawahi kugonga mlango ili kuleta kitu. Walishuka mitaani na bunduki na kalenda, na raia, walipoona vyote viwili pamoja, hawakuuliza msumari uko wapi. Walizitundika hata kwa sindano. Mama mmoja wa Vulamba alisema mbona mwaka huu umekwisha. Askari alimwambia kama anajua mwaka mwingine auseme. Alitafuta sindano. Kabla jua halijafika utosini, Mwenyekiti alikuwa akicheka katika kila sebule, kila duka na kwa kila kinyozi, na watu waliambiana kwamba haya yote ni mapenzi ya Commissaire Phinées.

Camion iliporudi, Phinées alimkuta Mama Jokébed mlangoni, amekuja kuuliza tena kama alivyouliza kila juma.

"Mama! Bitabu yako inatoka! Sasa hivi!"

"Mais Chef, leo sikukuja na camion."

"Chukua yangu! Caporal, batu babebe! Itafika mpaka Vuhovi, mpaka mu darasa!"

Jokébed alimtazama vizuri, kama anayetafuta homa. Kisha akapanda mbele, karibu na dereva, kabla mtu hajabadilisha mawazo.

"Aksanti, shemeji," alisema kwenye dirisha, na vitabu vya a-be-che vikaondoka chini ya ulinzi wa jeshi, jambo ambalo hata almasi hazikupewa kila siku.

Sasa kartoni ya Phinées ilikuwa ya kwanza. Alinyoosha mkono kuchukua kalamu. Redio ya Mathe ikapiga tarumbeta za habari za Beni.

Rafiki zake watatu walikuwa wamesikia habari za kalenda. Mtu anayemtundika Mwenyekiti mji mzima, waliwaza, amekwisha kutuuza. Kila mmoja alikimbilia redioni awe wa kwanza kuapa uaminifu, wakapigana vikumbo mlangoni, wakaapa wote watatu pamoja, na wakaomba njama fulani, ambayo hawakuijua hata kidogo, ichunguzwe bila huruma. Mwenyekiti, ilisema redio, amelia kwa furaha. Yuko njiani kuja Butembo kumkumbatia Commissaire Phinées.

Phinées alirudisha kalamu mezani.

"Mathe, ile kartoni iunguzwe."

"Iunguzwe wapi, Excellence? Kutoka, inahitaji bon. Na bon inahitaji sahihi ya mwenyewe."

"Si yangu."

"Iko na jina yako."

Kulikuwa na kelele nje. Habari kwamba depo inatoa mizigo zilikuwa zimeenea, na watu wote walioambiwa wangoje walikuwa wamekuja kwa mara moja: katekista, wenye kahawa, na mzee wa Vulamba pamoja na bwana arusi mwenyewe.

"Kunabakia nani mbele?" aliuliza katekista.

"Commissaire," alijibu Falonne.

"Commissaire! Chukua muzigo yako!"

"Pasaka inapita, Commissaire!"

"Bibi arusi anazeeka!"

"Batu ya Butembo," alisema Phinées, na jasho lilimtoka, "mutulie. Tutaunda komisyo ya kuchunguza..."

"Hapana komisyo! Ondosha kartoni!"

Katika kelele ile jeep ya Mwenyekiti ilifika, imejaa matope ya barabara ya Beni. Mwenyekiti alishuka, akapenya katikati ya watu, akamkumbatia Phinées kwa muda mrefu. Kisha akawauliza raia wanalia nini.

"Muzigo ya Commissaire inatuzibia njia, Mzee," alisema katekista. "Hataki kuuchukua."

"Ni unyenyekevu," alisema Mwenyekiti. "Huyu ndugu anafikiria bengine tu. Leo mimi mwenyewe nitamusaidia kubeba. Mutoe bon."

"Mzee, hakuna haraka..." alianza Phinées.

"Amri ni amri. Weye njo ulitufundisha."

Falonne akabonyeza. Printa ikakwaruza karatasi, mstari kwa mstari. Caporal Kahongya aliipokea, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa nguvu ili hata wa nyuma wasikie:

"Ka-ra-ta-si ya barua. Ya Rais Phinées. Harakati ya Wokovu Mupya."

Mwenyekiti aliichukua bon mkononi, akaisoma yeye mwenyewe kwa utulivu, mpaka chini pa kutia sahihi. Akatoa kalamu mfukoni, akaifungua, akampa Phinées kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa.

"Tia sahihi, Bwana Rais," alisema. "Batu banangoja."