Bitana ya Tabasamu

Gazeti, kama walivyomwita, hakuwahi kununua gazeti maishani mwake. Alisoma yale ya kufungia maandazi, mafuta na yote, na akayaamini mpaka nukta ya mwisho. Asubuhi hiyo alijinyoosha kwenye benchi nje ya duka la ushonaji, akasafisha koo.

"Utafiti huu hapa. Mke anayetabasamu na simu ana mtu pembeni."

Cheche, mchomelea mageti, akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Wangu katabasamu jana jioni mpaka chai ikampoa."

"Basi kwisha habari yako. Lisemwalo lipo."

"Naenda kuichukua hiyo simu. Akikataa, arudi kwao."

"Huo ndio uanaume, ndugu yangu."

Ndani ya duka cherehani ikanyamaza. Mshonaji akatoa kichwa mlangoni. Walimwita Bitana, maana hakukabidhi koti bila kumhubiria mteja juu ya kitambaa cha ndani.

"Ngojeni kwanza. Nje naona vipande viwili: katabasamu, kwa hiyo ana mtu. Bitana iko wapi?"

"Bitana gani tena?"

"Lile neno mlilolimeza hapo katikati. Ndilo linaloshikilia koti. Litapike, Gazeti."

Gazeti akajikuna kidevu. "Kwamba simu haimchekeshi mtu bila hawara."

"Na wewe juzi uliyecheka na simu ukajimwagia kahawa?"

"Mimi mwanamume."

"Ahaa. Shonea na hiyo. Koti linazidi kuwa zito." Akamgeukia Cheche. "Na kuna bitana nyingine. Mnadhani nyumbani kuna mtu wa kumchekesha, yeye akamwacha akaifuata simu. Shemeji umemchekesha lini mara ya mwisho?"

Cheche akakiokota kikombe chake, akakiweka tena chini. Lilimuuma swali hilo.

Simu yake ikatoa mlio wa ujumbe. Akaitazama kwa hasira. Ilikuwa video: mbuzi aliyekwama kichwa kwenye ndoo alikuwa anawakimbiza maharusi, bwana harusi mbele, kamwacha bibi harusi nyuma. Cheche meno yote nje.

"Huyo," Bitana akasema. "Katabasamu. Ana mtu."

"Ni mke wangu kaituma, bwana." Cheche alikuwa anajifuta machozi. "Anasema ndicho kilichomchekesha jana. Katumiwa na mke wa Gazeti."

Wakacheka, Gazeti akiwa wa kwanza. Bitana akangoja wamalize.

"Na mke wa Gazeti," akauliza kwa upole, "yeye katumiwa na nani?"

Gazeti akaendelea kucheka kidogo, peke yake. Akalikunja lile gazeti la maandazi, akalikunjua, akasimama.

"Wapi tena, kahawa haijaisha?" Cheche akauliza.

"Nafika nyumbani mara moja. Nimesahau simu."

Simu ilikuwa mkononi mwake.