Husseni wa Newala na Jitu Lenye Pipa

Njooni, enyi wa Mnyambe na wa Lulindi, nanyi mnaopanda kutoka bondeni na ndoo vichwani, tueni mizigo msikilize, maana habari hii ni kubwa na wengi mlikuwa hamjazaliwa! Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango, ikapanda kutoka Masasi televisheni, na jenereta lake, na mwenye mali, Mama Maryam, malkia wa banda la video, ambaye hakuwa na mchezo na mtu.

Kanda ilikuwa moja tu, ya majitu ya chuma yapiganayo, yakinena lugha isiyojulikana uwanda mzima. Ndipo akainuka Husseni, fundi baiskeli, simba wa spoki, mwenye vidole vyeusi kwa grisi, akawa mfasiri. Kwa ulimi wake aliyapanga majitu kwa uzito na kwa kazi: mepesi yapeleleze, ya kati yavamie, mazito yalinde ngome. Nchi ikatulia.

Loo! Likatokea jitu lenye pipa mgongoni. Nikolao wa Lulindi, mwenye sauti ya kengele, akatangaza kwamba ni zito, kwani lilikanyaga mti ukalala. Ladislaus, mbishi wa Mnyambe, akaapa kwamba ni jepesi, kwani lilishuka genge la mlima mbio kama mbuzi. Benchi likavunjika. Mashati yakachanika. Wawili hao, mtu na shemeji yake, wakaacha kusalimiana hata sokoni.

Mama Maryam akasimama mlangoni, khanga kiunoni. "Kesho jioni lori linashuka Masasi. Mkigombana tena, televisheni inaondoka nalo. Mimi naonyesha sinema, sionyeshi ngumi zenu!"

Husseni akaiona kazi yake inapakiwa lorini. Aliipenda kazi ile kuliko chakula. Televisheni ikiondoka angebaki kuziba pancha, na nani aliwahi kunyamaza ili amsikilize mziba pancha?

Jioni ikafika, lori likinguruma nje, naye shujaa akapanda juu ya kreti la soda.

"Shikamoo, Mama Maryam!"

"Marahaba. Usilivunje kreti langu."

"Enyi majemadari wa benchi la mbele na la nyuma!" akanena. "Jitu lile lina pipa. Nani hapa Newala hubeba pipa kwa urembo? Lile ndilo lichotalo maji ya jeshi! Likishuka bondeni pipa tupu, ni jepesi. Ladislaus kaona kweli. Likipanda limejaa, ni zito. Nikolao kaona kweli. Jeshi lisilo na mchota maji litapigana mpaka lini juu ya uwanda huu?"

Banda zima likaguna kwa kukubali, maana nani asiyeyajua mateso ya maji? Nikolao akanyoosha mkono. "Yaishe, shemeji." Ladislaus akaupokea.

Kanda ikawekwa. Siku zote mafuta ya jenereta yaliishia njiani, lakini jioni ile Mama Maryam alikuwa amejaza tangi, hakutaka kurudi na mafuta Masasi. Kwa hiyo wakaona lile ambalo hawakuwahi kuliona: jitu likageuka, likamwelekezea adui mpira wa pipa, na badala ya maji ukatoka moto.

Nikolao akageuka polepole kumtazama Husseni. Ladislaus akakunja mikono ya shati. Mama Maryam akaushika waya wa televisheni.

Shujaa hakushuka kwenye kreti. "Mnashangaa nini?" akanguruma. "Maji yameshafika. Sasa linakoka moto. Kwani jeshi halili?"

Wallahi, banda lilitaka kung'oka kwa kicheko! Nikolao alicheka mpaka akamlilia Ladislaus begani. Hivyo likazaliwa, mbele ya mashahidi, daraja la nne la majitu, ambalo hakuna dola iliyowahi kuwa nalo: mpishi wa vita, uzito wake kwa kadiri ya pipa. Na liandikwe kwamba aliyelizaa ni Husseni.

Nje dereva akapiga honi. Mama Maryam akauachia waya, akavuta kiti, akakaa.

"Nenda zako, baba!" akampigia kelele. "Televisheni haiondoki mpaka nijue linapika nini."