Mvua ya Makopo Sita

Jumatatu, 15 Februari 1965. Bongwe.

Leo nimeona maji yakirushwa hewani kwa makusudi! Nilikwenda Diani kupeleka mayai katika hoteli mpya. Katikati ya uwanja, chuma kidogo chenye pua mbili kilikuwa kikizunguka chenyewe na kunyunyizia nyasi. Nyasi ambazo hata mbuzi haruhusiwi kuzila! Nilivua kofia. Bawabu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia sijapoteza, nastaajabu tu. Akasema nikastaajabie nje ya lango.

Nilitoka Kinango mwaka wa njaa, miaka thelathini na moja iliyopita, sijarudi. Huko mama yangu alichimba mchanga wa mto mkavu na kuteka maji kwa kata ya kibuyu. Tone likianguka, alilifuata kwa kidole akanipaka midomoni. Sasa hapa kwenye mashamba yetu ya makazi limejengwa tangi la galoni elfu mbili. Elfu mbili! Koki yake ina ufunguo, na Jumamosi Bwana Fondo, afisa wa mashamba, ataukabidhi kwa mtu atakayeonyesha njia bora ya kumwagilia miche. Tuko wawili, mimi na jirani yangu Musau. Musau! Amejaza maji injini za gari-moshi miaka kumi na minne, na hajafungua kitabu hata kimoja.

Nautaka ufunguo ule.

Jumanne, 16 Februari.

Nimetoa sandukuni kitabu changu cha fizikia, kumbukumbu ya siku za ukarani kwenye josho la ng'ombe. Hakina jalada, lakini ukweli wote umo. Kinasema upana wa bomba ukipungua nusu, maji yale yale hupita kwa mwendo mara nne. Mara nne! Nani aliyeyafundisha? Nilisoma ukurasa ule mara tatu, nikatoka nje, nikalitazama tangi kwa heshima.

Kisha kupima. Debe la galoni nne chini ya bomba, saa ya mfukoni mkononi. Hadi Jumamosi koki haifungwi, kila mmoja wetu ajaribu; nikaifungua robo tu. Ya nini kumwaga? Debe likajaa kwa sekunde themanini. Galoni tatu kwa dakika, kamili. Musau alikuwa ameegemea jembe, ananitazama. "Mzee Garama, fungua yote! Wewe unapima ng'ombe kwa kumshika mkia!" Nikamjibu kwamba maji ni maji, yawe mengi au machache. Alicheka hadi jembe likamponyoka.

Alhamisi, 18 Februari.

Makopo sita ya mafuta ya kupikia, kutoka jikoni kwa mke wangu Kadzo. Hajui bado. Kila kopo matundu manane ya msumari, hesabu imekubali. Bomba la mpira nimelilaza kutoka kwenye koki hadi kati ya matuta yake ya mabiringani, nikalitoboa mahali sita, na juu ya kila tundu nimefunga kopo kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Nikafungua robo. Maji yakatoka kwa haya, kama mbuzi mzee anayekojoa. Maneno hayo ni ya Musau, si yangu.

Mara nne! Nilikumbuka. Nikaziba nusu ya matundu ya makopo kwa nta. Nikafungua robo tena.

Yakainuka! Futi moja nzima, membamba kama unywele, yamesimama wima bila kushikwa na mtu. Nilipiga magoti, nikayatazama kutoka upande. Kadzo akaja mbio kuuliza ni nani aliyemwaga chumvi yake mezani. Akayaona maji. Akachuchumaa kando yangu. Hatimaye akasema, "Ni mazuri, Baba Nzai. Lakini hilo la tatu ni kopo langu la chumvi."

Jumamosi, 20 Februari.

Nitaandika kwa utaratibu.

Bwana Fondo alifika saa tatu, akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba. Musau alitangulia: mfereji wa jembe, maji yakafuata, miche ikanywa. Basi. Hakuna ajabu yoyote. Kisha nikaitwa mimi. Nikaeleza habari za mara nne. Bwana Fondo akavutiwa mno, akaenda mwenyewe kwenye koki. Kijana huyu kazaliwa Msambweni, penye visima tele; kubania maji hajui. Akaifungua yote.

Nilipiga kelele, "Robo! Robo!"

Kopo la kwanza lilipita juu ya paa la Musau. La pili likaondoka na kofia ya Bwana Fondo. La chumvi halijapatikana hadi sasa. Bomba likainuka kama nyoka aliyekanyagwa, maji yakapanda juu kuliko nyumba, yakasimama kidogo, yakatushukia sote. Na ndani yake upinde wa mvua! Juu ya mabiringani, mwezi wa Februari! Kadzo alikuwa akipiga vigelegele huku matuta yake mawili yakisombwa. Na mimi? Wanasema nilionekana nikikimbia huku na huku na kata mkononi, nikiyadaka.

Musau ndiye aliyefunga koki. Ufunguo amepewa Musau.

Jumapili, 21 Februari.

Musau alikuja baada ya kanisa. Nilitarajia kejeli. Akaketi, akasema hesabu yangu haikuwa mbaya, ila sikuyapima maji yote. Akaniwekea ufunguo gotini. "Kaa nao mpaka jioni, mzee. Fungua yote, upime upya." Nilimpa mayai mawili.

Nilikwenda peke yangu. Debe chini ya bomba. Saa mkononi. Nikashika koki. Nikautazama mchanga mkavu pale chini, tayari kuyanywa yatakayomwagika.

Nikafungua robo.

Tone moja lilianguka kando. Nililifuata kwa kidole.

Debe likajaa kwa sekunde themanini, zile zile za Jumanne! Basi hesabu yangu haina kosa hata moja. Kosa ni la makopo. Kesho, Kadzo akienda kuni, nitachukua sufuria.