Ombi la Kubomolewa Daraja Lililokamilika kwa Wakati

Kamati ya Kudai Daraja,
Buswelu, Mwanza.
17 Aprili 1996

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo. Kama umri wako ni mdogo kuliko wangu, basi shikamoo hiyo iipokee ofisi.

Mimi ni mwenyekiti wa Kamati ya Kudai Daraja tangu 1979. Miaka yote hiyo tumelidai daraja la kutuvusha kwenda Nyakato, kila Jumatano, kwa uaminifu na chai ya maziwa. Sasa limejengwa. Kamati haina kazi, nami nimebaki mwenyekiti wa viti vitupu. Kwa heshima kubwa naomba libomolewe, ili tuendelee kudai. Sababu ni hizi:

1. Halina mguu majini. Mhandisi, Bi. Kokulinda wa Bukoba, amepinda tao moja la zege kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, chini akalitegemeza kwa mirunda. Mirunda ile tukaizoea. Siku ya ishirini na nane tangu zege limwagwe akaamuru iondolewe yote, tena akianzia katikati! Tulimsihi aache hata michache, kwa adabu tu. Akajibu kwamba tao likilemewa ndipo linapokazana. Wajumbe tulikimbilia mlimani, tukakaa hadi saa kumi tukisubiri lianguke. Halikuanguka, na hakuna aliyetuomba radhi.

2. Siku zote hizo alikuwa akilimwagilia maji asubuhi na jioni kama bustani ya mchicha. Zege!

3. Saruji yote imeishia darajani. Daraja la mwaka 1983 halikumaliza hata masika moja, lakini lilisakafia nyumba saba za wajumbe, yangu ikiwemo. Hili halijamsakafia mtu hata choo. Inauma.

4. Ng'ombe wa Mzee Masele, themanini na zaidi, wamevuka kabla ya mgeni rasmi, na hakuna hata mmoja aliyepitia kwa katibu wetu, Ndugu Venant.

5. Tunaambiwa hizi ni zama za soko huria, kila mtu auze alicho nacho. Sisi tulichokuwa nacho ni shida. Serikali ikimnyang'anya raia shida aliyoitunza miaka kumi na saba, ale nini?

Likishabomolewa, tutaanza kudai Jumatano hiyo hiyo.

Wasalimie wote hapo ofisini, mpaka mlinzi wa getini. Wajumbe nao wanakusalimu, wale ambao bado wanahudhuria.

Wako katika kudai,
Malimi Chenge,
Mwenyekiti.

Nyongeza: Kazi ya kubomoa isianze Ijumaa. Mke wangu Rebeka amejifungua salama kituo cha afya huko Buzuruga, ng'ambo ya mto, mtoto wa kike. Juzi mto ulijaa, tukavuka darajani kwa pikapu ya mkaa ya jirani, na Ijumaa ninawarudisha nyumbani. Halafu kuna kliniki ya mtoto, kila mwezi hadi atimize miaka mitano, kwa hiyo naomba muisubiri na hiyo. Wa kwanza tulimzika 1988. Mto ulikuwa umejaa vivyo hivyo, nami nilikuwa kwenye kikao.