Matairi ya Mashindano na Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Machi
Gari langu limevaa matairi ya mashindano! Laini hasa, ukibonyeza kwa ukucha, alama inabaki. Fundi alianza hotuba: raba laini hushika barabara lakini huisha upesi, nisiendeshe kwa fujo. Nikamwambia wivu ni kidonda. Jumamosi mdogo wake mke wangu anaolewa. Mama mkwe hajaamua nani atampeleka ukumbini: mimi, au Shemeji, kaka yao, mwenye kigari kinachojikokota kama konokono mjamzito. Tutaona!

Jumanne, 4 Machi
Nimewaita wote nyuma ya ghala la mbao. Nikazungusha gari, duara juu ya duara. Moshi! Kelele! Shemeji akauliza kama nachoma takataka. Mama mkwe alikohoa mpaka akakaa chini, kisha akasema gari lenye kelele hivyo lazima ni zima. Bibi harusi ni wangu! (Kumsafirisha, yaani.)

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Matairi ya nyuma yamekwisha meno. Mke wangu kayatazama, kisha akatazama kichwa changu, akasema vipara vimekuwa vitatu. Sijacheka. Ameapa mdogo wake hapandi humo mpaka ninunue mapya. Shemeji naye, bila kuulizwa, kasema tairi lisilo na mifereji halina pa kupitishia maji, gari huelea. Nani kamwambia mvua itanyesha?

Ijumaa, 7 Machi
Akili ni mali! Nimechonga mifereji mwenyewe, kwa kisu cha moto. Mmoja umepinda kama mkia wa nguruwe. Nikapaka rangi ya viatu. Nimemwambia mke wangu ni mapya. Kaamini, masikini.

Jumamosi, 8 Machi
Mvua. Ya mawe! Kwenye mlima wa kuingilia ukumbini nikagusa breki, kwa adabu kabisa. Gari likanisusa. Likayumba, likateremka kinyumenyume mbele ya wageni wote, mimi nikiwapungia mkono waone ni makusudi. Bibi harusi kanikaba kola: "Tukifa nakuua!" Tukaishia mtaroni. Wazima, ila shela imekuwa ya kahawia. Konokono akaja polepole, na matairi yake ya kawaida, akambeba bibi harusi, akapanda bila kuteleza hata kidogo. Mama mkwe hakunitukana. Alinitazama, kisha akauondoa mwavuli juu ya kichwa changu.

Jumapili, 9 Machi
Nimelala sebuleni. Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: yale matairi yalikuwa laini mno!
Nimepata mengine ya mashindano, meno yote kamili, hayajawahi kugusa lami. Yamelala juu ya paa, juani, miaka kumi na miwili. Magumu kama ubao! Mwenye nayo kanionya kuwa raba huzeeka hata ikilala, na iliyokakamaa haishiki barabara. Alitaka kuyafanya viti vya bustani. Mtu hajui kuuza mali yake!
Jumatano mama mkwe ana miadi ya daktari. Nimeshajitolea kumpeleka.