Bangili Nane na Akaunti Moja

Jumapili, 5 Mei

Zuio la akaunti ni amri ya mahakama inayoikataza benki kumpa mdaiwa fedha zake, ili mdai alipwe kutoka humo. Izingatiwe: amri haina nguvu kabla ya kufika benki. Kati ya hukumu na benki pana siku kadhaa. Ndani ya siku hizo naishi mimi, raha mustarehe.

Hukumu ni ya Haji Dirgham, aliyeniuzia kwa mkopo mashine ya kutotolea vifaranga wa kware. Dinari 2,900. Mayai mia sita, vifaranga wawili! Benki nina dinari 3,150, kiinua mgongo changu chote cha ualimu. Haji hapati kitu.

Jumatatu, 6 Mei

Nimepata! Katika mkataba wetu wa ndoa, miaka ishirini na saba iliyopita, nilimwandikia Intisar mahari ya bangili nane za dhahabu. Sikuzitoa. (Mwaka ule nilikuwa na mradi wa nyuki.) Deni la mahari hulipwa kabla ya deni la mfanyabiashara. Basi mke wangu anishtaki, ashinde, fedha zihamie kwake. Yaani zisitoke nyumbani. Nimemweleza jikoni, akichambua mlenda. Akaniuliza, "Baba Raad, na nikishinda kweli?" Nikamjibu kuwa hilo ndilo lengo. Akatabasamu. Mke mwelewa ni neema.

Alhamisi, 16 Mei

Mahakama ya kadhi, hapa Irbid. Kadhi akauliza kama napinga dai. Nikasema sipingi hata nukta. Akanitazama juu ya miwani, akasema tangu aanze kazi hajaona mdaiwa mwenye bashasha kiasi hiki, na kama naumwa niseme mapema. Kisha akaamuru bangili zikadiriwe kwa bei ya dhahabu ya leo. Ya leo! Mimi nilipiga hesabu kwa bei ya mwaka wa harusi. Dinari 4,320. Akaunti yote inahamia kwa Intisar, na bado atanidai 1,170. Kasoro ndogo. Msingi wa hoja haujatikisika.

Jumapili, 19 Mei

Amri ya Haji imefika benki. Salio: sifuri. Nimekula kunafa, kitamutamu cha jibini na shira, sahani mbili.

Jumanne, 21 Mei

Haji amekuja na wazee wanne wa ukoo wake. Nikawamiminia kahawa. Haji akaweka kikombe chini, hakunywa. Wazee nao wakaweka. Mgeni asiyekunywa ana ombi, na kahawa ikipoa bila jibu, mwenye nyumba hana uso wa kupita sokoni. Nikafafanua, kwa utaratibu, tofauti kati ya kukataa kulipa na kutokuwa na kitu. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, kahawa inapoa." Maneno yakaponyoka: "Kunywa, Haji, ombi lako limekubaliwa." Wakanywa. Haji akasifu iliki, akaomba kikombe cha pili. Hana haya!

Intisar akatoka chumbani na dinari 2,900 taslimu, zimeshahesabiwa, na karatasi ya mkopo, imeshaandikwa. Nikatia saini mbele ya wazee wanne. Sasa ananidai 4,070, na kila mwezi atachukua nusu ya pensheni yangu. Haji akaniambia mlangoni kwamba nimeoa benki.

Jumatano, 22 Mei

Nimeamka na amani kubwa. Haji kanisalimu barabarani, hadharani, kwa jina la heshima. Nina mdai mmoja tu, naye hunipikia. Ni wadaiwa wangapi wanaoweza kusema hivyo?

Imebaki nusu ya pensheni, nayo yataka ulinzi. Mama yangu, kule mji wa Salt, ana miaka themanini na tatu na hajawahi kunidai matunzo yake mahakamani. Nimempigia simu, nikamweleza. Akaniita mwanangu mara tatu, kisha akauliza pensheni yangu ni kiasi gani hasa. Mama mwelewa! Kimebaki kipengele kimoja tu, na vitabu vyangu havikubaliani: matunzo ya mama hutangulia mahari ya mke, au huifuata?